Mama Mkwe wa Chakol

Tulijiita watalii, mimi na mdogo wangu wa kiume, ingawa kila aliyetuona na kapu letu la haluwa alijua tuna jambo. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mdogo wangu alimpenda binti wa Kiteso aliyekuwa muuguzi kwetu Mombasa. Mambo ya dini walishaelewana. Kilichobaki ni kibali cha wazazi wake huko Chakol, karibu na mpaka wa Uganda. Binti alinyimwa likizo, na mdogo wangu si mtu wa kungoja. Tukapanda gari moshi hadi Malaba, kisha basi hadi Busia.

Nilifurahi mno, sifichi. Sokoni Busia muuza ndizi alinibembeleza kwa Kiganda, akamnong'oneza mwenzake kwa Kiluhya, kisha tukapatana kwa Kiswahili kilichonivunja mbavu. Yeye naye alikicheka changu. Mdogo wangu hakuona ndizi wala soko. Mawazo yake yalikuwa kwa wakwe.

Chakol, baba wa binti alitupokea kwa upole, akatupa viti uani. Kisha mama akatokea jikoni. Mdogo wangu, kijana aliyelelewa akaleleka, akafanya ambalo kwetu Pwani ndilo adabu yenyewe: alimwendea, akainama, akaushika mkono wake aubusu.

Mama aliuchomoa mkono, akajifunika uso kwa leso, akatimua mbio nyuma ya nyumba. Kuku wakatawanyika.

"Nimekataliwa," mdogo wangu akaninong'oneza, rangi imemtoka.

Mimi hasira zilinipanda. Safari yote ile, halafu mtu atukimbie kama tuna ukoma! Nikabeba kapu langu, nikamwambia yule mzee kwamba kwetu hata mgeni asiyetakiwa hupewa salamu.

Mzee alicheka hadi akakohoa.

"Hata kwetu, dada," akasema. "Kama mama hangemtaka huyu kijana, angemsalimia vizuri, awape chai, muende. Lakini mkwe hashikani mkono na mama ya bibi yake. Huyo mama amemkimbia kwa vile tayari ni mtoto wake."

Akamgeuzia mdogo wangu kiti, akamkalisha mgongo ukielekea jikoni ili wasionane. Punde sauti ya mama ikatoka nyuma ya ukuta, ikimtaka mzee aulize kama mkwe anakula kuku au samaki. Mdogo wangu alikuwa akifuta machozi. Nikajibu mimi kwamba anakula vyote.