Kiangazi Walichojadili Jina Langu

Mizizi ya munkoyo ikipondwa mbichi hutoa harufu ya udongo ulionyeshewa, hata katikati ya Julai, wakati Lubumbashi imekwisha kusahau mvua na vumbi jekundu limelala juu ya kila jani. Kwa asiyeijua, munkoyo ni uji mwepesi wa mahindi unaopoozwa, ukatiwa mizizi hiyo, ukaachwa ulale. Kesho yake umekuwa kinywaji kitamu chenye uchachu kidogo, na ukikisahau kwa siku kadhaa kinaanza kuwachekesha wanaokinywa. Shangazi yangu Kapinga alikipika Kamalondo, kwenye ua wa nyuma wa nyumba ndogo, pamoja na rafiki yake Béa. Asubuhi za kiangazi zilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilikaa karibu na mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, nimefunikwa kitenge hadi kidevuni, nikisikiliza kinu cha Béa na redio ya baa ya jirani, ambayo haikuzimwa kamwe. Kila likizo kubwa nilipelekwa pale, na hakuna mahali pengine utotoni mwangu ambapo nilijiona nimefika kwangu.

Kulikuwa na sababu. Mimi pia ni Kapinga. Familia yetu ilitoka Kasai enzi za babu, na kwetu mtoto akipewa jina la ndugu, anapewa na nafasi yake kwa watu. Kwa kuwa shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, baba aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, tangu nikiwa mchanga wa kubebwa mgongoni. Aliniita hivyo bila mzaha. Nikivunja sahani, alimwambia mama, "Yaya amevunja sahani, nani atamugombeza? Mimi ni mudogo wake." Bibi yetu, ambaye sote tulimwita Kaku, aliniita mwanangu, si mjukuu. Na shangazi alipokuwa akinitazama nikila, alikuwa na sura ya mtu anayejitazama akila, akiona kwamba chakula kimekubali.

Shangazi na Béa walikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, na waligombana kuhusu makala kama wazazi wangu walivyogombana kuhusu sabuni. Watu wote wa mtaa walijua, na karibu wote walinyamaza, kwa sababu munkoyo yao ilikuwa nzuri. Wachache waliotaka kuchokoza walimpitia Béa, aliyekuwa na ulimi. Nakumbuka mwanamume mmoja aliyetoka baa mchana, akaegemea uzio.

"Mama Béa, bwana yako iko wapi?"

"Alienda kununua sukari," Béa alijibu bila kuacha kutwanga. "Ukimukuta, umuambie munkoyo imeisha kupoa."

Mambo yaliharibika kwenye harusi ya binamu yangu, siku chache kabla ya likizo ile ninayoisimulia. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka wakichambua sombe, majani ya muhogo, wakiwatania wasichana wadogo mmoja mmoja: weye bwana yako atatoka wapi, atakuwa mufupi ao murefu? Zamu yangu ilipofika, nilijibu kwa moyo mweupe kwamba mimi sitaolewa. Nitakaa na Nadège, rafiki yangu wa dawati moja, na tutauza munkoyo kama tantine, shangazi yangu. Walicheka. Kisha kicheko kikaisha kabla ya wakati wake, nikaona Kaku ameacha kuchambua na mkono wake umebaki hewani na jani. Yale maneno, kwa mtoto mwingine, yangekuwa ya kitoto tu. Kwa mtoto anayeitwa Kapinga, yalikuwa habari.

Likizo ikaanza, wala sikupelekwa Kamalondo. Niliambiwa nisubiri, familia ina maneno ya kusema. Baba alikuwa amekwisha kupanga na shangazi aje kunichukua Jumapili, na hakuna aliyekwenda kumwambia lolote. Nilibaki nyumbani kwetu Katuba nikimsumbua Kaku, aliyekuja kukaa nasi kwa ajili ya mkutano huo. Tayari nilikuwa mtoto wa maswali. Kutokana na minong'ono nilikuwa nimeelewa kwamba kuna jambo ambalo mtu huzaliwa nalo, au hufundishwa, au hulipenda mwenyewe, na kwamba jambo hilo linahusu nani anakaa na nani. Kwa hiyo nilimwuliza, tukiwa jikoni, kama yeye alizaliwa akimpenda babu.

"Mimi? Kuzaliwa namna gani? Alikuwa bado kule kwao."

"Basi ulimuchagua?"

"Nani angeniuliza? Balimuleta. Nilimuona siku balileta mbuzi. Alikuwa na miguu ya kukauka."

"Na kumupenda?"

Kaku alifikiri huku akigeuza samaki. "Nilimuzoea," alisema. "Kisha alikufa, na njo hapo nilijua kama nilikuwa namupenda." Halafu akanifukuza jikoni, akisema kichwa changu kinazunguka kama cha shangazi yangu, na alipojisikia akisema hivyo, akashika kinywa.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwetu. Walikuwepo Kaku, baba, na Tonton Prosper, kaka mkubwa wa baba na shangazi, mtu wa kanisa mwenye sauti ya kuzoea ukumbi. Mama alihudumu, nami nilibeba vikombe. Walikunywa munkoyo ya shangazi, kutoka dumu alilotuletea juma lililopita, na mpaka leo sijui kama yupo aliyeona ajabu hiyo.

"Ni kupenda kwake tu," Tonton Prosper alianza. "Muntu anajua muzuri na mubaya. Kama alichagua, anaweza kuacha. Aache bibi ule, arudi, atubu, yaishe."

"Mwana wangu hakuamuka asubuhi akachagua kuchekwa," Kaku alisema. "Na tumbo yangu ilizaa batoto bazima. Ni ile jina. Kapinga wa kwanza, shangazi wa baba yenu kule Kasai, alikataa babwana, akalima shamba yake yeye peke mpaka kufa. Tulipatia mutoto ile jina, angalia. Sasa mumepatia na huyu."

Baba, aliyenipa jina hilo mwenyewe kwa furaha, alitikisa kichwa. "Mama, jina haina mikono. Ni shule ya bweni njo ilimugeuza. Aliingia kule mutoto, akatoka na Béa."

"Nani alimupeleka bweni?" Tonton Prosper aliuliza. "Ni miye. Sasa ni miye nilimuharibu?"

"Sikusema ivo, mukubwa."

"Umesema."

"Mutoto iko anasikia," mama alisema, na hilo ndilo neno pekee alilotoa siku ile.

Ilinichukua miaka kuona kilichokuwa wazi katika chumba kile. Kila mmoja alikuwa ameshika sababu ile ambayo haikumgusa yeye. Kaku aliyezaa alikataa tumbo. Aliyelipeleka jina kwangu alikataa jina. Aliyempeleka msichana bweni alikataa bweni. Na kila sababu ilikuwa imekuja na adhabu yake, nazo zote ziliniangukia mimi au shangazi. Ikiwa ni jina, nivuliwe jina. Ikiwa ni mafundisho, nisikanyage tena nyumba ile. Ikiwa ni hiari, basi shangazi aachane na Béa, au asijiite ndugu yetu.

Walikuwa bado wanabishana shangazi alipobisha hodi. Alikuwa amevaa vizuri, kitenge kipya na viatu vya safari, kwa sababu kwake ilikuwa siku ya kuja kunichukua. Béa alikuwa amebaki kwenye kona ya barabara, kama kawaida yake alipokuja kwetu. Shangazi alitazama nyuso, akatazama vikombe, akakaa bila kukaribishwa. Tonton Prosper hakuzunguka. Nadhani alijiona mtenda haki, kwa kuwa hatimaye mwenye jambo mwenyewe angeulizwa.

"Kapinga, tuambie ukweli, hapa mbele ya mama. Ulizaliwa ivi, ao kuko muntu alikufundisha, ao ni weye unapenda tu?"

Shangazi hakuwa na hasira. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, halafu akanitazama mimi na sinia langu, na nina hakika alikwisha kuelewa kila jibu linaelekea wapi.

"Jibu gani njo itaniachia mutoto?" aliuliza.

Kaku alikunja ncha ya kitenge chake.

"Muniambie, nitasema ile. Kama ni kuzaliwa, nilizaliwa. Kama ni kufundishwa, balinifundisha. Munataka nini? Mimi nilikuja kumuchukua mutoto."

Baba aliinamisha kichwa. Kaku alianza kulia polepole, bila sauti. Tonton Prosper alijimiminia munkoyo iliyobaki dumuni. Hakukuwa na jibu la namna hiyo. Hawakuwa wamelitengeneza.

Mwishowe, kwa kuwa hawakukubaliana juu ya chanzo, walitumia tiba zote kwa pamoja, kama mgonjwa anayemezeshwa kila dawa iliyomo nyumbani kwa kuwa hakuna anayejua anaumwa nini. Nitaitwa kwa jina langu la ubatizo, Clarisse. Likizo nitaimalizia kwa Tonton Prosper, na Kamalondo sitakwenda tena ila na mama, tena mchana. Shangazi naye aliambiwa afikirie maisha yake. Alisimama, akachukua dumu lake tupu. Alipofika kwangu alinyoosha kola ya gauni langu, akasema kwa upole, "Clarisse ni jina muzuri." Kisha akaenda hadi konani alikosubiri Béa, na nilipochungulia niliwaona wakiondoka kwa miguu, Béa akiwa amelichukua dumu.

Baba hakuniita Yaya tena. Kwa majuma kadhaa nilimvizia ateleze. Alikuwa akifungua mdomo, anasita, halafu anatamka Clarisse taratibu kama mtu anayeruka dimbwi. Sasa naelewa kwamba siku ile alipoteza dada mara mbili, wa Kamalondo na wa nyumbani, na kwamba aliamini kwa dhati ananiokoa.

Nasoma saikolojia chuo kikuu, na sidhani nilichagua somo hilo bila sababu. Nilitarajia kupata jibu. Nilichopata ni kwamba watafiti hawajaona chanzo kimoja. Wengi husema ni mchanganyiko wa mambo ya mwilini na ya mazingira, mengi yakianza kabla mtu hajajitambua, na kwamba watu wengi wakiulizwa hawakumbuki siku waliyochagua. Nayaamini haya kuliko nilivyomwamini Tonton Prosper, ingawa nayo nayauliza maswali. Kinachonitatiza zaidi ni wenzangu. Tukikaa kunywa chai nje ya darasa, ubishi ni uleule wa sebuleni kwetu, umevikwa tu Kifaransa. Mmoja anasema mila za Wazungu, mwingine anasema malezi, na yule mwema anasema kwa huruma, "Amezaliwa hivyo, atafanyaje?" Huyo mwema ndiye hunikosesha usingizi. Namwuliza: na kesho ikithibitika kwamba alichagua, huruma yako utaipeleka wapi?

Mimi mwenyewe nimekuwa ushahidi bila kuombwa. Nina mchumba, mwanamume mpole anayeuza vipuri vya magari, nami nampenda bila kujua nilianzaje. Tonton Prosper husema ni maombi yake. Kaku, hadi anafariki, alisema jina lilikatwa kwa wakati. Baba naona amepumua. Huenda wako sahihi, huenda ningekuwa hivi hata kama ningekulia kwenye ua ule hadi leo. Hakuna utoto wa pili wa kulinganisha nao. Ninachokijua kwa hakika ni kidogo: kwamba nilikuwa na mahali nilipojiona nimefika kwangu, na watu wazima walionipenda walipafunga kwa sababu ya swali wasiloweza kulijibu.

Nilipoanza chuo nilianza pia kurudi Kamalondo peke yangu, kwanza kwa kificho, baadaye bila. Magoti ya Béa yamechoka na sasa anauza tu, kutwanga kumeachiwa kijana wa jirani. Jioni moja ya kiangazi kilichopita, tukiwa watatu karibu na moto, nilimwuliza shangazi lile swali tena.

"Tantine, sasa hakuna muntu wa kuninyanganya kwako. Siku ile, kama ungekuwa huru, ungejibu nini?"

"Eh, Kapinga," Béa alimwambia shangazi, "mutoto yako amekuwa juge, hakimu kabisa."

"Yeye alikuwa juge toka zamani," shangazi alisema. "Alikosa tu kiti."

Kisha akajibu. Alizungumza kirefu, makala yakawa majivu, akasahihishwa na Béa hapa na pale, akacheka mara kadhaa. Ni jibu ambalo sikulikuta katika kitabu chochote, na halimpi ushindi hata mmoja wa wale waliokaa sebuleni kwetu.

Sitaliandika hapa. Zamani chumba kilikuwa kimoja, na watu niliwajua kwa majina. Leo chumba ni mji mzima, na mimbari, na simu za watu wote, na kila jibu bado lina adhabu inayolisubiri mlangoni. Siku hayo yatakapoisha, atalisema mwenyewe kwa anayetaka, au hatalisema, maana huenda siku hiyo hakuna atakayeona haja ya kumwuliza.

Giza lilikuwa limeingia, nami sikutafuta usafiri. Nililala kwao, na asubuhi hakuna aliyekuja kunichukua.