Kidole cha Mama na Yule Mnywa Maji

Nilipokuwa mtoto, mambo ya miiko na mizimu hayakupewa kiti nyumbani kwetu Rinkeby, huko Uswidi. Mama yangu ni Mrundi aliyeokoka, na kuokoka kwake si kwa mzaha. Paka mweusi akitukatiza njia tukienda kituoni, mama alimsalimia. Mtu wa kanisani akija kusimulia ndoto mbaya, mama alimuuliza kwanza alikula nini usiku. "Woga wa bure," alikuwa akisema, kisha anaendelea na chai yake. Leo mimi ndiye ninayesimama kwenye kumbi za chuo kikuu kubishana na vijana wenye makoti mazuri na hoja mbovu, na najua vizuri mdomo huu niliurithi wapi.

Ndiyo maana kisa hiki kinanikera mpaka leo. Mwoga angetishika nisingeshangaa. Aliyetishika ni mama, na nilikuwepo, na sikuwa na la kumsaidia.

Wakati ule mama alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Spånga pamoja na dada mmoja wa Kithai, jina lake Mali. Urafiki wao ulisimama juu ya Kiswidi kibovu. Waliwageuza wazee kitandani pamoja, wakakamua matambara pamoja, wakailaani baridi pamoja, kila mmoja akiiharibu sarufi kwa namna yake, na walielewana kuliko watu wengi ninaowajua wenye lugha moja. Nilipokuwa na miaka tisa Mali akamwambia mama, "Mama Keza, njooni kwetu. Pa kulala papo, chakula kipo, nyinyi tafuteni tiketi tu." Keza ndiye mimi. Mama akadunduliza, mwalimu wangu akatoa ruhusa shingo upande, tukaondoka.

Waswidi wakienda Thailand huenda baharini. Sisi bahari hatukuiona hata kwa mbali. Mali alitupandisha basi hadi mji mdogo kando ya mto mkubwa, ule unaotenganisha Thailand na Laos. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua za msimu ziko karibu lakini hazijafika, na joto lilikuwa la kumtia mtu hasira bila sababu. Mji mzima ulikuwa unasubiri. Wanaume walikuwa juu ya mapaa wakiziba matundu. Mapipa yalikuwa yamepangwa chini ya michirizi, matupu, midomo wazi. Kutoka hekaluni ziliteremka ngazi za saruji zenye nyoka wa saruji kila upande, ngazi za kuingilia mtoni, lakini mto ulikuwa umekonda hadi ngazi zikaishia kwenye mchanga mkavu, kama mtu aliyeanza sentensi akasahau alichotaka kusema.

Katikati ya mto mchanga ulikuwa umeinuka ukawa kisiwa, na kwenye kisiwa hicho alilima Yai.

Yai ndivyo Wathai wanavyomwita bibi mzaa mama. Huyu alikuwa mama yake Mali, kikongwe mfupi mwenye kofia pana na sauti ya kuamrisha, na mji wote ulimwita hivyo, nasi tukamwita hivyo. Kila kiangazi maji yakipungua, alipanda karanga kisiwani. Alivuna kabla ya mvua, kisha mto ukajaa na kulichukua shamba lake bila ugomvi. "Mimi na mto tunapokezana," alituambia. Hela za Mali kutoka Uswidi alizipokea kwa adabu na kuziweka. Kilichomlisha ni karanga zake, na alitaka kila mtu ajue hivyo. Tulipofika zilikuwa zimebakiza siku chache tu zikomae.

Mazungumzo yalipita njia ndefu. Yai alisema Kithai, Mali akakigeuza Kiswidi, na mama alipokwama mimi nilimtafsiria kwa Kiswahili. Nyumbani nilikuwa na tabia ya watoto wote wa Rinkeby: mama ananisemesha Kiswahili, namjibu Kiswidi. Kule kwa mara ya kwanza ililazimu niyatafute maneno ya mama yangu.

Alasiri moja kikanyesha kimvua cha kudanganya, cha kulowesha vumbi tu, jua likiwa bado linawaka. Tulikuwa barazani kwa Yai, tumezunguka kikapu cha wali wa kunata, na jirani mmoja mnene mwenye mashua alikuwa ameketi nasi. Upinde wa mvua ukatokea. Mguu wake mmoja ulikuwa Laos, wa pili umetua mtoni, nyuma kidogo ya kisiwa cha karanga.

"Rung kin nam," Yai akasema.

"Ndivyo tunavyouita," Mali akatuambia. "Rung ni upinde: upinde unaokunywa maji. Umeshuka mtoni una kiu."

Mama aliweka tonge chini. "Hee! Keza, umesikia? Hata Kirundi ni hivyo hivyo! Umunywamazi. Mnywa maji!" Alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyempa ile zawadi. Kutoka milima ya kwao Burundi hadi baraza hili, watu ambao hawajawahi kuonana wameutazama upinde uleule wakauona una kiu. Alirudia kwa Yai, "U-mu-nywa-ma-zi," na Yai akalijaribu, jirani naye akalijaribu, tukacheka wote.

Kisha Yai akasema jambo, safari hii bila kucheka.

"Anasema msiunyooshee kidole," Mali akatafsiri. "Kidole kitapinda. Na upinde ukinyooshewa wakati unakunywa, unakasirika unatapika."

"Na hilo pia!" Mama akapiga paja. "Mama yangu alinitisha kwa maneno hayohayo. Nimekua naficha mikono mgongoni kila ikinyesha. Keza, mwanangu, njoo uone woga wa bure unavyotibiwa." Akasimama, akanyoosha mkono wote hadi begani, na kwa kidole chake cha shahada akauelekeza ule upinde pale ulipogusa maji. "Haya. Kimepinda?"

Yai alitoa ukelele ambao sijausahau.

"Mama Keza! Jipanguse nacho!" Mali alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. "Haraka!"

"Nijipanguse wapi?"

"Matakoni! Ndiyo dawa yake! Kabla haujamaliza kunywa!"

"Mimi? Mwimbaji wa kwaya? Mbele za watu?"

Jirani mnene aliinuka akamwonyesha namna, akijipangusa kidole kwenye makalio yake mapana, kulia na kushoto, kwa heshima zote kama anayefundisha kazi. Nilicheka mpaka nikapaliwa na wali. Mama naye alicheka, lakini hakujipangusa. Aliketi akalamba kidole chake wali uliobaki. Yai peke yake hakucheka. Aliutazama mto hadi rangi zikafifia.

Asubuhi yake hapakuwa na wingu. Nalisema hili kwanza kwa sababu ndilo lenye uzito: mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, tone halikudondoka. Tulikuwa tunakunywa chai tuliposikia jirani akipiga kelele kutoka ukingoni. Tukakimbia. Zile ngazi za hekalu zilizoishia mchangani, sasa ziliishia majini.

Mto ulikuwa unapanda. Haukuunguruma, haukuwa na povu. Ulipanda kama maji kwenye beseni uliloacha chini ya bomba, na ulikuwa msafi, hauna tope hata kidogo. Yai alikuwa ameshaingia kwenye mashua ya jirani. Mama akaingia, Mali akaingia, mimi nikaachwa kwenye ngazi na amri ya kutosogeza mguu.

Kwa hiyo nilitazama. Kazi yangu yote siku ile ilikuwa kutazama. Niliwaona wakishuka kisiwani na kuanza kung'oa karanga kwa mikono miwili, bila mpango, wakirusha mashina ndani ya mashua. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, kisha nikatazama tena yakawa kwenye magoti ya Yai, ambayo hayakuwa mbali na ardhi. Mistari ya kijani ilizama mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa anamvuta Yai mkono, Yai anajinasua na kuinama, anapapasa chini ya maji kutafuta shina ambalo halioni tena. Hawakuwa na lugha ya kuambiana, na Mali alikuwa mbali, upande wa pili wa shamba. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, "Mama, rudini!" na jirani ndiye aliyembeba Yai mzimamzima kama gunia na kumweka kwenye mashua.

Zilizookolewa hazikujaza turubai. Na zilikuwa changa. Ukiminya ganda linabonyea, ndani mna kitu cheupe kisicho na jina. Yai aliketi barazani akaziosha hata hivyo, akizipanga juani, karanga ambazo hazitafaa kwa kitu chochote.

Nikamtafuta mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kati ya mapipa matupu na ukuta, amenipa mgongo, nguo zinachuruzika maji. Alikuwa anajipangusa kidole kwenye makalio. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Nilitaka kucheka, maana ilikuwa ileile michezo ya jana, kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Mama yangu, aliyemsalimia paka mweusi, alikuwa akilia na kufanya dawa iliyokwisha muda wake.

Nilirudi nyuma polepole.

Jioni soko lote lilikuwa linajua. Huko juu, mbali mto unakotokea, kuna bwawa la umeme, na mtu alikuwa amefungua milango. Hakuna aliyetangaziwa huku chini. Wengine pia walikuwa wamepoteza bustani, mmoja nyavu, mmoja mbuzi. Mali alitueleza kwa Kiswidi chake, nami nikamgeuzia mama kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa bidii niliyokuwa sijawahi kuitia katika kazi ya shule. "Mama, ni bwawa. Umesikia? Ni watu. Si wewe."

"Nimesikia, mwanangu," akasema.

Kabla ya kuondoka alimwomba Mali amfundishe neno moja. Akapiga magoti mbele ya Yai, akaikutanisha mikono kifuani kama alivyoona watu wakifanya, akasema, "Kho thot." Nisamehe. Yai akamshika kile kidole, akakikunja ndani ya ngumi ya mama mwenyewe, akaipapasa ngumi ile kwa muda mrefu. Mpaka leo sijui alikuwa anamsamehe au anamwambia hakuna cha kusamehe. Hapakuwa na mtu wa kututafsiria hilo.

Sasa niseme lililobaki, ambalo ndilo linalonitia hasira.

Kidole cha mama kimepinda. Kidole kilekile. Asubuhi hakikunjuki mpaka akivute kwa mkono wa pili, na hata kikikunjuka kinatazama pembeni. Daktari amesema ni miaka ya kukamua, kubana, kuinua, na akamshauri akipumzishe, jambo ambalo mtu anayelipwa kwa zamu hawezi kulifanya. Mama alimsikiliza kwa adabu. Tulipotoka nje akaniambia, "Ni yule mnywa maji."

"Mama, umemsikia daktari?"

"Nimemsikia."

Nimebishana naye kwa kila silaha niliyopewa. Nimemwonyesha ramani, nimemchorea mto na bwawa lake. Nilimwambia kama kuna kiumbe aliyeunywa mto ule akautapika, ni kile cha zege kilichoko juu, na wanaokifungua wanakaa ofisini mikono mikavu. Mwaka jana niliisimamia hoja hiyohiyo chuoni, nikanyoosha kidole kama ilivyo desturi yangu, ukumbi ukanipigia makofi, nikashinda. Nilirudi Rinkeby kwa treni ya chini ya ardhi nikiwa nimejaa sifa, nikamkuta mama jikoni.

"Nimeshinda, mama. Ile hoja ya Yai."

Alifurahi kweli, akanikumbatia. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa watampelekea karanga?"

Yai hajalima kisiwani tangu siku zile. Mto siku hizi unapanda na kushuka utakavyo, na hakuna wa kupokezana naye.

Ila kila mwaka kabla ya mvua zao, Mali akimpigia mama yake, huja kwetu na simu. Mama hufuta mikono, huishika kwa mkono wenye vidole vinavyokunjuka, husema neno lake moja la Kithai. "Kho thot, Yai." Zamani nilikuwa natoka chumbani, nisisikie mtu asiye na kosa akiomba radhi. Siku hizi nabaki. Katika habari nzima ya maji yale, huyu ndiye mtu pekee aliyewahi kumwomba Yai msamaha, na nikimtoa yeye kwenye kisa hiki kwa hoja zangu nzuri, Yai atabaki bila yeyote.

Yai sasa amekuwa kiziwi kidogo. Hungoja, hucheka, kisha hupaza sauti kutoka ng'ambo ile yote neno lake moja la kwetu, amelivunja vipandevipande kama alivyofundishwa barazani: "U-mu-nywa-ma-zi!"

Na mama, mkono ukiwa umefichwa mgongoni, hujibu, "Ndiyo, Yai. Ndiyo."