Goli la Fundi Baiskeli

Desemba iliyopita nilipanda Masama kwenda kuhesabiwa nyumbani kwa Krismasi, kama tufanyavyo wote tuliotawanyika. Siku ya pili nikapita uwanjani na wenzangu. Vijana walikuwa wakibishana nani kafunga goli; mmoja akatoa simu, wakaangalia. Nusu dakika tu, ubishi ukaisha. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

Maana zamani simu ya uwanja ule nilikuwa mimi, rafiki yangu. Nilikuwa darasa la sita, msichana mwenye mwandiko mzuri na majivuno mengi. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa juu ya gogo pembeni mwa uwanja, daftari magotini, kalamu mbili, moja ya akiba. Kila mchezaji alikuwa na mstari wake: magoli, pasi, faulo, kona. Nilichora vijiti, na cha tano kikakata vile vinne. Nyuma yangu wazee walinukia mbege, pombe yetu ya ndizi, na mama muuza ndizi choma alinipa moja ya bure ili nimwoneshe mwanawe ana vijiti vingapi. Ubishi ukizuka kilabuni, jibu lilikuwa moja: kamuulizeni mtoto wa daftari. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mwaka ule mwalimu wa michezo alitangaza kwamba mfungaji bora ataitwa timu ya wilaya, akafanye mazoezi mjini. Nafasi moja tu. Mechi ya mwisho ilipofika, wawili walikuwa na magoli tisa kwa tisa: kaka yangu, na fundi baiskeli, kijana mkimya aliyekuwa akiziba pancha pale njia panda.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Karatasi zilianza kulowa, na hadi dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Ikapigwa kona. Watu wakarundikana golini kwenye tope, na nikaona, kwa macho yangu haya, fundi baiskeli akiruka na kuupiga mpira kwa kichwa. Ukaingia. Kaka, aliyekuwa ubavuni mwake, akakimbia mikono juu, na uwanja mzima ukapiga kelele kwa jina lake. Refa alihesabu goli. La nani, halikumhusu. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Kaka alinitazama. Nikachora kijiti kwenye mstari wake.

Fundi baiskeli alikuja akainama juu ya bega langu, maji yakimdondoka, akakiangalia kile kijiti kwa muda. Alijishika paji la uso, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, na hilo linaniuma hadi leo. Mwalimu akalichukua daftari, akanakili jina la kaka.

Jumatatu jioni nilishindwa kumeza kiburu cha ndizi na maharage. Bibi hakuwa na habari na mpira, lakini alijua mtoto asiyekula ana jambo. Nikamweleza yote. Hakunichapa wala hakufoka. Alitoka hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, akanifunika kanga, tukaenda. Kwetu anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe, hata kosa liwe kubwa namna gani.

Tulimkuta fundi ana grisi mikononi. Alimwamkia bibi shikamoo, akajifuta kwenye suruali, akalipokea jani kwa mikono miwili huku mimi nikikiri na kulia.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," akasema. "Lakini jina si limeshapelekwa?"

Bibi alimjibu kwamba mwalimu bado anaweza kulibadilisha, mradi mwenye daftari aende mwenyewe akaseme. Akanitazama. Niliitikia kwamba nitakwenda.

Sasa bibi hayupo, lile gogo lilishageuka kuni, na nusu ya uwanja ni nyumba za watu. Nayatamani yote yale, hata tope lake. Ila kuna siku moja nisiyoitamani. Gari la timu liliondoka Jumatano asubuhi, kaka akitupungia mkono dirishani. Jumanne nzima ilikuwa yangu, nyumba ya mwalimu ilikuwa ng'ambo tu ya mfereji, na sikuvuka.