Siku Cherotich Alipoziba Mfereji

Miaka sita Cherotich alikuwa ameishi Doha bila kukanyaga tope. Aliuguza wazee katika kliniki moja ya Abu Hamour, akalala Al Mansoura chumba kimoja na wenzake wawili, na kati ya hapo na pale alijua lami, vigae na mchanga. Kwa hivyo Cornelius alipompigia simu kumwambia kwamba Ijumaa basi la Wakenya wa kanisani lingekwenda kuzuru makumbusho ya mifereji, huko mashambani kaskazini, hakungoja amalize.

"Mifereji? Huku?"

"Huku huku. Visima vya kale, mifereji ya kale. Wewe nipikie chapati tu."

Cornelius alikuwa mlinzi wa hoteli, mtu wa bonde moja naye kule Marakwet. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini alikuwa kaka yake kwa kila hali: ndiye aliyempokea uwanja wa ndege mwaka 2008, na ndiye aliyekaa naye siku alipolia akitaka kurudi nyumbani. Kasoro yake ilikuwa moja, mdomo. Basi halijatoka mjini, alikuwa amekwisha kuwasimulia abiria jinsi mababu zao walivyochonga mifereji kwenye mbavu za mlima, maji yakateremka mwendo wa nusu siku hadi kwenye mtama.

"Maji kwetu ni urithi," alisema. "Mtaona leo."

Cherotich alimpa chapati ya pili ili anyamaze kidogo.

Makumbusho yenyewe yalikuwa shamba la mtu: mitende, chumba kimoja chenye ndoo za ngozi na kamba kuukuu, na nje mfereji mwembamba wa udongo uliofufuliwa ili wageni waone mambo yalivyokuwa. Rahim, mzee wa Kibangladeshi aliyelitunza shamba, alifungua maji. Wageni wakajipanga kando na simu zao mikononi. Maji yakaja mbio, yakapita hatua thelathini hivi, halafu yakageukia pembeni na kumezwa na mchanga. Ukingo ulikuwa umebomoka.

"Mai mafi," Rahim alisema kwa haya, akionyesha mitende iliyobaki mikavu. Hakuna maji. Akatupa udongo kwa jembe, maji yakauzoa.

Watu wote wakamgeukia Cornelius. Akakohoa, akasogea na viatu vyake vya Ijumaa. "Udongo zaidi, mzee! Zaidi!" Udongo ukayeyuka kama sukari kwenye chai, na viatu vikalowa. Ndipo alipomwinamia Cherotich, akamnong'oneza kwa lugha ya kwao: "Dada, mimi nilipelekwa bweni nikiwa mdogo. Sijawahi kuziba hata siku moja."

Cherotich pia hakuwahi. Baba yake alikuwa mtunza mfereji, na kwao mwanamke hakuugusa. Lakini alichunga mbuzi juu ya mfereji ule miaka mingi, na hakuna aliyemkataza kutazama.

Akavua viatu, akakunja sketi.

"Cherotich, unajua mwiko."

"Mwiko ni wa mfereji wa nyumbani, kaka. Huu hata haunijui. Niletee mawe."

Cornelius akaleta. Cherotich akamwashiria Rahim apunguze maji, akayapanga mawe yakiegemea mkondo, akashindilia nyasi katikati, akapaka udongo mbichi na kuukanyaga kwa visigino. Tope lilikuwa baridi, likipenya katikati ya vidole, na alitamani kazi isiishe upesi. Maji yalipofunguliwa tena, yalisitasita pale kwenye kiraka, kisha yakapita. Rahim akayafuata mbio hadi kwenye mitende, akipaza sauti, "Zen! Zen!" Vizuri! Vizuri! Watu wakapiga makofi, Cornelius kuwashinda wote.

Hofu ilimjia baadaye, wenzake walipokaa kula. Alijua habari ingefika Marakwet kabla ya jua kutua, kwa mdomo ule. Heri aiseme mwenyewe. Akajitenga, akampigia baba yake, akamweleza yote bila kuficha.

Akaitazama simu kuona kama haijakatika.

"Baba, upo?"

"Nipo." Kisha: "Ulianza na nini?"

"Mawe, baba. Halafu nyasi, halafu udongo."

"Vijiti?"

"Sikuweka."

"Aa! Bila vijiti ukingo huo haumalizi mwezi. Hupigiliwa chini kwanza, vikilala upande maji yanakotoka. Udongo wa huko ukoje?"

"Mchanga mtupu."

"Basi nyasi ziwe nyingi zaidi."

Baba yake hakuwa amewahi kuzungumza naye habari za mfereji, tangu azaliwe. Sasa alimweleza na mengine ambayo hakuulizwa: mahali maji yanapopenda kutoroka, sauti ya ukingo unaotaka kubomoka. Cherotich alisikiliza huku akifuta machozi kwa mkono wenye tope, hata dereva akaanza kupiga honi.

Hakwenda kwenye basi. Alikwenda kwa Rahim, akaokota makuti makavu, akavunja vijiti vyake, akachuchumaa naye kando ya mfereji na kumwonyesha jinsi ya kuvilaza vijiti. Wenzake walimngoja dakika kumi nzima.