Uji wa Okidi ya Cucu

Enzi zetu huku Kibugu, kabla wadogo zetu hawajaanza kuzaliwa na simu mkononi, mtoto alirudi kutoka shule akiwa na matope mpaka kwenye nyusi na hakuna aliyemuuliza kitu. Tulicheza kati kwa mpira wa soksi na karatasi, tukapika kalongo, mapishi ya kuigiza, kwa makopo ya mafuta, tukala nduma za moto tukizirusha kutoka mkono huu hadi ule. Wenzangu kelele zao zilifika mtoni. Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya leso ya Cucu, mama yake Baba. Mgeni akiniuliza jina, nilitafuna kola ya sweta mpaka achoke aende. Sweta zangu zote zilikuwa na alama za meno.

Ndiyo maana siisahau ile okidi. Tata Ciarunji, dada yake Baba, aliileta kutoka Nairobi ikiwa kwenye chungu kidogo, maua meupe yamejipanga kama watoto wa kwaya. Ikawekwa mezani juu ya kitambaa, redio ikahamishwa. Hiyo ndiyo nilikuwa naongea nayo. Niliiambia nani amenifinya darasani, nani ameniibia penseli, nayo haikuwahi kuniuliza jina.

Kisha maua yakaanguka moja moja, ikabaki fimbo kavu na majani manene kama masikio ya ng'ombe. Baba akaitazama vile mkulima wa chai hutazama kila kitu. Baba alipogoa chai, akapogoa miti ya kando ya njia, na siku ya kufungua shule alipogoa nywele zetu.

"Hii imechoka," akasema. "Kesho nikitoka kupogoa chai nitaikata mpaka hapa chini. Isipochipuka, ni ya mbuzi."

Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu mweusi, mmoja wa wawili tuliokuwa nao, amefungwa nyuma ya jikoni, na alikuwa ameshakula kiondo kizima na shati la kanisa. Nilitaka kulia, lakini hata kulia niliona aibu. Nikamvuta Cucu leso. Cucu akaja, akayagusa yale majani polepole.

"Hajachoka," akasema. "Amejifungua. Hamkuona watoto wote wale? Huyu ni mzazi, na mzazi hupumzishwa."

Sasa, kwetu mama akijifungua, wanawake huja na uji wa wimbi na kuni, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Sijui Cucu alimwambia nani, lakini kesho yake mchana walikuja wakipanda njia wakiimba, kuni mgongoni, vibuyu vya uji mkononi, Mama Njeru jirani yetu akiwa mbele. Akaingia, akachungulia kwenye chungu.

"Watoto wako wapi?"

"Wameenda," Cucu akasema.

Mama Njeru akatikisa kichwa. "Watoto wa siku hizi hawakai nyumbani."

Sebule ikajaa mpaka okidi ikasukumwa dirishani, pale kioo kilipovunjika na baridi ya mlima ilipokuwa inaingilia. Uji ukamiminwa kwenye kikombe kikubwa cha bati. Wakatazamana, maana mdomo wa mzazi haukuonekana. Cucu akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye rafiki yake. Atamnywea."

Nikanywa. Ulikuwa mchachu, wa kukwaruza koo vizuri. Kikombe kikaisha, kikaja kingine, kwa sababu kila mama alitaka auone wake ukinywewa.

Hapo ndipo Baba akaingia na kisu cha kupogoa, buti zake zimejaa majani ya chai. Aliona kuni, akaona wanawake, akaniona mimi na tumbo langu. Lakini Baba akishasema amesema. Akanyoosha mkono juu ya vichwa vyao kuelekea dirishani.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Baba, mzazi hapogolewi."

Sikuwa nimewahi kutoa sentensi nzima mbele ya watu. Wanawake wote waligeuka. Hata mimi niligeuka kuangalia ni nani amesema.

"Umemsikia mtoto," Mama Njeru akasema. "Na wewe Baba Igoki, tuko hapa tangu saa saba. Supu ya mzazi iko wapi?"

"Supu ya nini? Hilo si ni jani?"

"Kwa hivyo katika boma hili mzazi analala bila supu," akasema mwingine polepole, kwa ile sauti ambayo Jumapili huwa imeshafika kanisani kabla yako.

Baba akaangalia kisu. Akaangalia wanawake. Akatoka nacho, akazunguka nyuma ya jikoni. Yule mbuzi aliyeahidiwa okidi akachinjwa kwa ajili ya okidi, na supu nayo nikainywa mimi, kwa niaba yake.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumsogeza mzazi. Alibaki dirishani, mchana mwanga, usiku baridi, na Cucu akampa maji kidogo kidogo kama dawa. Msimu wa ukungu ulipokaribia kuisha, kijiti cha kijani kikachomoza kati ya majani. Baba ndiye aliyekiona kwanza.

"Ana mimba nyingine," akamnong'oneza Cucu, kwa sauti ya mtu aliyebaki na mbuzi mmoja.

Siku hizi Cucu anakaa Siakago, Tata alikoolewa, kwenye joto, kwa sababu ya magoti. Juzi maua ya okidi yalianguka tena. Mdogo wangu Mugendi, ambaye hajui kati wala kalongo na hula nduma kwa uma, akaiuliza simu ya Baba. Simu ikajibu kabla hajamaliza: fimbo iliyokauka ikatwe, maji yapunguzwe, iwekwe penye mwanga na usiku wa baridi kidogo. Yote ni kweli, na yote nimefanya. Lakini njia ilikaa kimya mchana kutwa. Hakuna aliyepanda akiimba.

Jioni nikapika uji wa wimbi, nikaubeba mpaka dirishani. Mugendi akainua macho kutoka kwa simu.

"Inasema okidi hainywi uji."

"Najua," nikamwambia, nikamsogezea kikombe cha bati. "Ndiyo maana uko hapa."