Bwana Harusi wa Hosiana

Mimi nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, kwa hiyo asiniletee mtu habari za kusikia. Hosiana alihamia kijijini kwetu, upande wa Misima, enzi za Ujamaa, akiwa mjane wa fundi baiskeli wa Korogwe. Marehemu alimwachia spana, pampu na kazi yenyewe, na kazi aliifanya vizuri kuliko marehemu, Mungu amrehemu. Siku aliyoshuka kwenye lori, vyombo vyote alituachia tumbebee. Ndoo moja tu hakumpa mtu.

Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wa baharini, mdogo kama kidole gumba, rangi ya chungwa bivu, mwenye mistari mitatu myeupe. Kaleb, mdogo wake Hosiana, utingo wa lori la Tanga, alimwomba kwa wavuvi akiwa hai akamletea dada yake. Kwa mavazi yale, Hosiana akamwita Bwana Harusi. Alimweka kwenye sanduku la kioo lenye mawe ya baharini, na kila lori lilipopita Kaleb alishusha madumu ya maji ya bahari. Umeme hatukuwa nao. Hosiana alitundika tyubu ya baiskeli ukutani, akaijaza upepo kwa pampu, akauacha utoke kidogo kidogo kwa mrija mwembamba hadi majini, samaki apate kupumua. Mimi nilikuwa nakaa kitako kutazama yale mapovu mpaka ugali wangu unaungua.

Mwaka wa sabini na nne masika yakatususa. Kisima kikabaki tope, tukawa tunapanga foleni, ndoo moja kwa kila nyumba. Maneno yakaanza: watu wana kiu, Hosiana anafugia samaki maji! Kinamama wakamjia juu. Hakubishana. Alichota kikombe kwenye sanduku akampa aliyepiga kelele kuliko wote. Yule mama akapiga funda moja, akalitema hadi kwenye khanga ya mwenzake. Tulicheka tukashika mbavu.

Mwenyekiti Semboja hakucheka. Alikitaka kile kioo kwa kaunta ya duka la ushirika, ingawa duka lenyewe halikuwa na cha kuonyesha ila viberiti. Mkutanoni akasema samaki wa bahari hawezi kuishi Handeni, tunajidanganya bure. Hosiana akainuka, hasira zimempanda.

“Mwenyekiti, akifa kabla ya Sabasaba, kioo chukua. Akifika hai, nampeleka kwenye maonyesho Handeni mjini, na kioo usinitajie tena.”

“Mmesikia wote,” akasema Semboja, uso umemng'aa.

Basi samaki akaanza kulegea. Joto lilikuwa linakausha maji ya sanduku, na kila yakipungua Hosiana aliongeza ya bahari kutoka kwenye madumu. Kadiri alivyoongeza ndivyo Bwana Harusi alivyozidi kujificha nyuma ya jiwe, hali, haogelei. Semboja akawa anapita asubuhi kuchungulia dirishani, anapima kioo kwa shubiri. Nilitamani nimtandike na mwiko.

Jioni moja Hosiana alikuwa jikoni kwangu, mchuzi wa kunde umekauka tukipiga soga. Nikauonja, chumvi imezidi. Nikamimina maji. Hosiana akainuka ghafla, akatoka mbio. Nilimkuta kwake anaonja maji ya sanduku kwa kidole, kisha ya dumu.

“Ya sanduku yamekolea,” akaniambia. “Maji yanakauka, chumvi inabaki, na mimi namwongezea nyingine! Jamani, namuua mwenyewe.”

Tangu hapo akawa anaongeza maji ya kisima, yaliyochujwa na kutulia, kidogo kidogo samaki asishtuke. Na kisima chenyewe ndicho kile cha ndoo moja. Alichota kwenye fungu lake, akawa anajifuta kwa kitambaa badala ya kuoga.

“Dada Hosiana, utanuka kwa ajili ya samaki?” nilimgombeza.

“Ninuke.”

Bwana Harusi akatoka nyuma ya jiwe. Siku aliyodaka kipande cha kamba mkavu wa baharini kwenye ncha ya kidole cha Hosiana, nilipiga kigelegele peke yangu.

Sabasaba tulipanda tela la trekta, yeye amekumbatia sanduku, mimi napiga pampu njia nzima hadi mikono ikafa ganzi. Uwanjani mlikuwa na mihogo, kuku na mbuzi, lakini watu waliviacha vyote wakaja kwetu, hata Wamasai waliowaleta ng'ombe wao. Bwana shamba akamtangaza Hosiana kwenye kipaza sauti. Nililia kwa furaha, sifichi.

Mara Semboja huyo, anapasua umati, kifua mbele. “Nipisheni! Samaki wa kijiji chetu huyu, tumemfuga sisi!”

Hosiana akajifuta mikono taratibu.

“Wewe ulitaka kioo, Mwenyekiti. Samaki ni wangu. Kama unataka kumwona, foleni inaanzia kule, nyuma ya mbuzi.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Semboja alitazama huku na huku, kisha akaenda nyuma ya mbuzi, akapanga foleni.