Siku Niliyomwambia Mbunge Hatuna Shida

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata leo na uzee huu.

Tulikuwa wageni hapa Hagsätra, nchi ya Waswidi, tumekimbia vita kwetu Bukavu. Dada yako Neema alikuwa na miaka tisa na hajui kusoma hata mstari mmoja. Shuleni palikuwa na mwalimu mmoja tu wa kuwasaidia watoto kama yeye, tukasikia ataondolewa. Basi mbunge wa huku, mtu aliyejulikana kwa kupigania shule, akaja kuwasikiliza wazazi. Wenzangu wakanichagua mimi niseme, maana Kiswidi changu kilikuwa na afadhali.

Mimi nikafanya nini? Nikapika! Wali, kuku, sambusa, nikabeba masufuria mpaka shuleni. Kwetu mgeni mkubwa humtupii shida mlangoni. Atasalimiwa, atashukuriwa, atakula, ndipo neno litolewe. Mbunge akafungua daftari, akauliza, "Mna shida gani?"

"Hatuna shida, mheshimiwa. Tunashukuru sana. Karibu chakula kwanza."

Akaandika. Akala sambusa moja, akatazama saa, akaaga. Nikamfuata mpaka mlangoni na sahani mkononi, shida yenyewe sijaitaja. Muda wa mkutano ulikuwa umekwisha, na watu wa hapa unawajua kwa saa.

Jirani yangu Mama Wanjiru, Mkenya aliyenitangulia nchi hii miaka mingi, hakunionea huruma. "Weh! Mtu amekuja na kalamu, wewe unampa sahani? Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Nikanuna wiki nzima. Lakini alisema kweli.

Mwalimu aliondolewa. Neema akaachwa nyuma na wenzake, akawa hataki hata kwenda shule. Jioni moja akaniuliza, kwa Kiswidi, maana Kiswahili alikuwa ameanza kukikimbia: "Mama, kwa nini ulimwambia hatuna shida?" Nikainuka, mwanangu, nikaenda kuosha masufuria yale yale.

Sasa kesho ni wewe. Wanataka kuifunga shule ya wanao, mbunge anakuja, na wazazi wamekuchagua wewe. Tangu asubuhi nakuona unakanda unga wa maandazi, na roho yangu haitulii, kwa sababu nakujua: mpole, mwepesi wa kushukuru. Kama mimi kabisa, na hilo ndilo linalonitisha.

Sikiliza basi. Ukiulizwa, sema shida kwanza. Taja shule, taja watoto, taja unachokitaka. Usikae mpaka ameandika, tena mwombe akusomee alichoandika. Shukrani zitafuata, chakula hakina miguu. Adabu ni jambo jema, sikukulea vingine, lakini adabu inayomnyima mtoto wako haki yake ni woga tu. Naujua, nimeishi nao.

Mungu akufungue kinywa, mwanangu. Akupe sauti isiyotetemeka, na hata ikitetemeka, iseme hivyo hivyo.